Andikeni bei, kisha tupatane

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Sisi ni wasimamizi wa kundi la kuuziana vitu vilivyotumika hapa Tanga, na kazi inayotumalizia muda kuliko zote ni kuamua watu walioshindwana bei. Siku hizi linasikika sana pendekezo kwamba muuzaji wa mtandaoni alazimishwe bei moja isiyopungua, na anayeomba punguzo aondolewe kundini kama msumbufu. Hatulikubali. Kuna waliokwisha jaribu bei isiyopungua hapa nchini: Jumia, duka la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Hatusemi bei ndiyo iliyoiondoa, lakini wateja wake hawakuacha kuulizana "mwisho ngapi" walipohamia Instagram na WhatsApp. Watu wa pwani hii wataendelea kupatana. Linalotugombanisha ni kwamba wawili wanapatana juu ya namba moja na kila mmoja ameielewa kivyake.

Tuchukue friji ya milango miwili, imetumika, iko Makorora, imetangazwa kwa shilingi 380,000. Mnunuzi yuko Pongwe. Wanavutana kwa ujumbe mpaka wanafika 340,000, wanashukuriana, kila mmoja anaweka simu chini ameridhika. Mnunuzi anajua kwamba kwa 340,000 friji itakuwa nyumbani kwake. Muuzaji anajua kwamba 340,000 zitakuwa mkononi mwake na friji itachukuliwa ilipo. Katikati hapo kuna kirikuu, gari dogo la mizigo, tuseme 25,000. Kuna vijana wawili wa kupakia na kushusha, 5,000. Na malipo yakiwa ya simu kuna ya kutolea kwa wakala, tuweke 7,000. Jumla 37,000. Punguzo walilolipigania lilikuwa 40,000. Gharama zote zikimwangukia mnunuzi, ameokoa 3,000 tu kutoka bei ya tangazo. Zikimwangukia muuzaji, amebaki na 303,000, na pengine moyoni alijiapiza kutoshuka chini ya 330,000. Yeyote atakayebebeshwa atakuja kwetu kusema ametapeliwa, na hakuna aliyetapeli.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalotaka liandikwe kwenye tangazo, kabla ya mtu kuomba kupunguziwa, ni bei pamoja na masharti yake: kitu kiko mtaa gani, usafiri ni wa nani, malipo yanapokelewa vipi na ya kutolea analipa nani. Tangazo la friji ile lingesomeka hivi: "Friji milango miwili, miaka mitatu, mpira wa mlango wa chini umelegea. Ipo Makorora. 380,000, maongezi kidogo. Gari la mnunuzi. Taslimu, au simu na ya kutolea." Ni mistari miwili mitatu ya simu. Mnunuzi wa Pongwe akisoma hivyo anapiga hesabu yake mwenyewe, anaona friji itamfikia kwa 417,000, na ofa atakayotoa itatoka kwenye hesabu hiyo. Akitaka imfikie kwa 380,000 jumla, atajua kwamba anachoomba kwa muuzaji ni 343,000, na atajua pia kuwa akienda na fedha mkononi zile 7,000 hazipo.

Sasa tuje kwenye "bei njoo inboksi". Wauzaji wana sababu zao, nasi tunazifahamu. Jirani mwenye duka kama lako ataona bei na kushusha elfu mbili chini yako. Mzigo wa Kariakoo hupanda na kushuka, na tangazo la mwezi jana linabaki hewani likikufunga. Wapo wanaoamini kwamba komenti nyingi za "bei gani" zinalisukuma tangazo mbele ya macho ya watu. Mnunuzi naye ana tafsiri moja tu: unataka kwanza uione picha yake ya wasifu, ujue anafananaje, ndipo umtajie. Na ukweli usemwe, wapo wanaofanya hivyo hasa. Sasa bei iliyotajwa faraghani haina shahidi, ndiyo maana hubishaniwa kuliko bei iliyobandikwa, na muuzaji anashinda anajibu swali lile lile kwa watu arobaini ambao thelathini kati yao wangejitoa wenyewe kama wangeiona namba. Anayeogopa kubanwa na bei ya zamani na aandike tarehe mwishoni: "bei hii hadi Jumamosi." Inatosha.

Kosa jingine ni kuandika bei ya kutoka hapa mpaka pale. Ukiandika 350,000 hadi 400,000, hakuna mnunuzi duniani atakayeisoma 400,000. Umetangaza 350,000, na mazungumzo yataanzia chini ya hapo. Andika namba moja. Kisha useme nafasi iliyopo kwa maneno ambayo kila mtu anayajua: "maongezi yapo", "maongezi kidogo", "haipungui". Kwenye Jiji, ule mtandao wa matangazo ya kuuza vitu, muuzaji huulizwa wakati wa kuweka tangazo kama yuko tayari kwa mazungumzo ya bei, na wengi hubonyeza bila kufikiri. Ukisema haipungui halafu ukapunguza kwa mteja wa kwanza aliyenuna, umewafundisha wateja wote kwamba neno lako ni pambo, na muuzaji mwingine ambaye bei yake kweli haipungui atasumbuliwa kwa ajili yako.

Kuhusu cha juu, ile nyongeza unayoiweka ukijua utaombwa punguzo: kwa vitu vilivyotumika tunaona asilimia kumi mpaka kumi na tano juu ya bei unayoitaka ni ya kawaida, na wote wawili wanaitarajia. Ukipandisha mpaka theluthi ukidhani utashuka taratibu, hutapata nafasi ya kushuka. Mtandaoni mtu hapiti dukani kwako kwa bahati, anachuja. Anaandika "friji, Tanga, isizidi 400,000", na friji ya 405,000 haimtokei kabisa. Kwa sababu ya elfu tano umejificha kwa wateja wote wenye laki nne. Wauzaji wazoefu huiweka bei kwenye mpaka wenyewe au chini yake kidogo: 400,000 au 395,000, lakini 405,000 au 410,000 hawaiweki.

Upande wa mnunuzi, tatizo kubwa lina maneno matatu: "Mwisho bei gani?" Mnunuzi anaona anaokoa muda, kwa kuwa anajua bei imepandishwa na hataki ngonjera. Hoja yake ina uzito. Lakini hebu litazame swali hilo kwa jicho la anayeulizwa. Sokoni Mgandini anayeuliza hivyo ameshalipa nauli, amesimama juani, amekishika kitu, ameshasalimia. Mtandaoni swali lile lile limetumwa kwa wauzaji kumi ndani ya dakika tano, bila salamu, na muuzaji akilijibu kwa ukweli, jibu lake linakuwa bei mpya ya kuanzia. Akisema 340,000 ni mwisho, kesho mtu huyo anarudi: "Nifanyie 300,000." Muuzaji aliyechomwa hivyo mara mbili anajifunza kuwa na "mwisho" wa uongo, na mnunuzi anayesikia mwisho wa uongo anajifunza kutouamini wowote. Tena kwenye soko la Facebook, lililoanza mwaka 2016, lipo swali lililoandikwa tayari la kuuliza kama kitu bado kipo. Kidole kikigusa tu, limeenda. Muuzaji anaona wateja ishirini, kumbe ni vidole ishirini, na anakataa 350,000 ya mtu wa kweli akisubiri bora kutoka kwa vidole.

Ofa inayosikilizwa ina namba, ina namna ya malipo, ina saa, na ina sharti. "Assalaam alaykum kaka. Nimeona friji. Nina 345,000 taslimu, nakuja na gari langu leo saa kumi jioni, iwe inagandisha. Ofa hii mpaka saa nane mchana." Ujumbe kama huo unaushinda ujumbe wa 360,000 usio na siku, na tumeona wauzaji wakiuchagua bila kusita. Wana sababu: friji iliyolala kwao siku nyingine kumi ina gharama, wanahama, wanataka nafasi, wana ada ya shule. Salamu na swali viende pamoja. Kutuma "mambo" na kukaa kimya ukisubiri mtu akujibu "poa" ndipo useme shida yako ni kumla mwenzio muda. Na ile saa ya mwisho ya ofa ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye eBay, soko la Marekani lililoanza 1995, ofa ambayo muuzaji hajaijibu kwa kawaida hufa yenyewe baada ya saa 48. Kwetu ofa haifi. Mtu alitaja 345,000 wiki tatu zilizopita, leo muuzaji anamwambia "haya njoo", mnunuzi keshanunua kwingine, na anaitwa tapeli.

Tahadhari ndogo hapa kuhusu saa zenyewe. Andikeni "saa kumi jioni" au "saa nne asubuhi", msiandike "16:00" kwa mmoja na "saa 4" kwa mwingine. Tumeamua zaidi ya ugomvi mmoja uliotokana na mtu kufika saa nne ya usiku.

Kisha kuna kupunguza mlangoni. Hili ndilo linalowaudhi wauzaji kuliko yote: mmepatana 340,000, mtu anafika na 300,000, anasema ndizo alizonazo, na gari liko nje linaunguruma. Lakini tusilifanye kosa la upande mmoja, maana kuna kupunguza mlangoni kwa haki na kwa dhuluma, na kipimo chake ni tangazo. Kama uliandika mpira umelegea, na mnunuzi alilisoma, hana haki ya kuutumia mpira huo huo kukata bei mara ya pili. Kama hukuandika, ana haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ukubali uwe kamili, bila sharti jipya; anayejibu "sawa, ila nitakupa 320,000" hajakubali chochote, ametoa ofa mpya, na muuzaji yuko huru kumwachia mwingine. Waliosoma fiqhi, sheria ya Kiislamu, kwa mashehe wetu hapa Tanga hawalihitaji sana somo hili. Wanaijua khiyari ya aibu ya bidhaa, yaani haki ya kurudisha kitu chenye kasoro, na wanalijua katazo la kuingilia biashara ambayo mwenzio ameshapatana, jambo linalotokea kila siku kwenye komenti: watu wamefunga 340,000, wa tatu anaandika "mimi 350,000."

Punguzo la haki mlangoni linapimwa kwa fundi, halipimwi kwa hasira. Ukikuta mpira wa friji umechoka na hukuambiwa, piga simu kwa fundi, uliza bei ya mpira na ya kuufunga, kata kiasi hicho. Muuzaji mwenye akili atakubali, kwa kuwa mnunuzi ajaye atauona mpira ule ule. Kuanza kuiponda friji yote, rangi, mwaka, harufu, ili upewe 50,000 ni njia ya kurudi nyumbani na gari tupu huku dereva akidai nauli ya kwenda na kurudi.

Ili hayo yawezekane, ukaguzi lazima upewe muda, na muda huo utajwe wakati wa kupatana. Friji haikaguliwi kwa dakika tano. Ukikuta inaunguruma na ni baridi, umejua tu kwamba ilikuwa imewashwa. Hujajua inachukua muda gani kupoa. Omba izimwe tangu usiku au asubuhi na uiwashe wewe. Kompresa ishike bila kugongagonga na kuzima. Ndani ya nusu saa bomba au ubavu unaotoa joto uwe na uvuguvugu, na ukuta wa sehemu ya kugandisha uanze kushika ukungu wa barafu. Funga mlango juu ya noti ya elfu moja kisha ivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha sehemu hiyo; rudia pande zote nne. Tazama maungio ya mabomba nyuma, alama ya mafuta mafuta huashiria gesi inavuja, na kujaza gesi bila kuziba panapovuja ni kutupa fedha. Hapa kwetu ongeza jambo moja ambalo mtu wa Korogwe hahitaji kulihofia sana: chumvi ya bahari. Friji iliyokaa Raskazone au popote penye upepo wa bahari, inamisha tochi chini kabisa, uone kutu kwenye kitako na kwenye vyuma vinavyoishikilia kompresa. Rangi ya mlango itakudanganya, kitako hakitakudanganya. Isafirishwe ikiwa imesimama. Na ikifika isichomekwe palepale, iachwe itulie saa kadhaa ili mafuta yarudi kwenye kompresa, na zaidi ya hapo kama ililazwa. Wengi wanaorudi kudai "umeniuzia friji mbovu" waliilaza kwenye guta na kuichomeka kabla jasho la wabebaji halijakauka.

Simu ina ukaguzi wake, mfupi zaidi. Bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 upate jibu kuhusu simu hiyo. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, hakuna sababu ya kununua simu bila kufanya hivyo. Kwenye iPhone angalia afya ya betri kwenye mipangilio, na mwenye simu aondoe akaunti yake mbele yako, wewe ukiwa umeishika. Kwenye simu za Android aondoe akaunti ya Google kabla ya kuifuta. Ikifutwa na akaunti ikiwa ndani, itakapowaka itadai nywila ya mtu ambaye keshapanda basi. Betri ikiwa imeshuka na tangazo halikusema, bei ya betri mpya na ya kuibadilisha ndiyo punguzo lako.

Kishika uchumba, yaani fedha kidogo ya awali ya kushikilia kitu, nacho kinahitaji maneno machache ya maandishi. Kisiwe kikubwa, kwa friji ile 20,000 inatosha kumfanya muuzaji aondoe tangazo na mnunuzi asisahau. Ujumbe useme kiasi, kitu, bei iliyofikiwa, saa ya mwisho ya kuja, na kinachotokea kila upande ukishindwa. Mnunuzi asipotokea mpaka saa hiyo, kimekwenda. Friji isipogandisha, kinarudi chote siku hiyo hiyo. Ikiuzwa kwa mwingine kabla ya saa hiyo, kinarudi chote pamoja na nauli aliyokwisha itumia. Bila mistari hiyo, tunaletewa skrinshoti yenye neno moja, "nimetuma", na kutakiwa tuhukumu.

Halafu kuna winga na dalali, watu wanaosingiziwa mengi. Winga anachukua picha ya mwenye mali, anaongeza cha juu chake, anaweka kwenye stetasi. Kazi hiyo ni halali, wapo wanaomtafutia mtu wa Pangani kitu ambacho asingekiona kamwe. Shida ni kwamba mnunuzi anapatana na mtu asiye na mamlaka juu ya bei. Mwenye mali anataka 330,000, winga ameweka 380,000. Mnunuzi akitoa 350,000, winga anabakiwa na 20,000 na atakubali. Akitoa 325,000, winga hana la kufanya, anakawia kujibu, anasema "naongea na bosi", siku tatu zinapita. Muulize mapema: mali iko kwako au kwa mtu? Omba video ya kitu kikiwa kimewashwa, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Mwenye nacho ataitoa ndani ya robo saa. Kama ni winga, bora aseme cha juu chake ni kiasi gani, wapatane bei ya mali na bei ya huduma, kila moja peke yake. Mawinga wataichukia sentensi hiyo, lakini wanaoifuata hawana kesi kwetu.

Muuzaji mwenye haraka akumbuke pia kwamba punguzo haliko kwenye bei peke yake. Mteja wa Chumbageni anayeomba kupunguziwa 10,000 kwenye bei ya simu mara nyingi ataridhika ukimpelekea kwa boda ya 2,000 na kumwachia kava na chaja. Umetoa kidogo kuliko alichoomba, naye amepata kitu cha kushika. Ajabu ni kwamba wanunuzi wachache huomba hivyo, wote wameng'ang'ania namba.

Kwenye vyakula maneno ni mafupi. Samaki wa Deep Sea wanaotangazwa alfajiri kwa WhatsApp bei yao haina siku mbili. Atakayekuja saa sita mchana na bei ya saa kumi na mbili asubuhi, au na ombi la punguzo kwa samaki waliokwisha uzwa, asikasirike. Machungwa ya Muheza na viazi vya Lushoto viuzwe kwa kilo. Gunia bila kilo ni maneno tu, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ni kinyume cha sheria ya vipimo hata likipigwa picha vizuri.

Malipo yafanyike baada ya ukaguzi. Muuzaji asiutazame ujumbe ulio kwenye simu ya mnunuzi, wala asiuamini ujumbe ulioingia kwake mpaka amefungua menyu yake mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa au ya mtandao wake, akaona salio limeongezeka. Mnunuzi naye, akikutana na bei ya nusu ya bei za wenzake, na muuzaji aliye tayari kupunguza zaidi bila hata kuombwa, ila tu atumiwe nauli ya boda kwanza, ajue anazungumza na nani. Namba hiyo iripotiwe 15040. Kwa mzigo wa Dar es Salaam unaokuja kwa basi, picha ya risiti ya mzigo peke yake haitoshi. Piga ofisi ya basi hilo pale stendi ya Kange, uulize kama mzigo wenye namba hiyo umeandikishwa, ndipo umalizie fedha.

La mwisho ni kuanikana. Muuzaji anapiga skrinshoti ya mazungumzo, namba ya mnunuzi inaonekana, anaibandika kundini: "Oneni huyu, anataka friji kwa 150,000." Mnunuzi naye analipiza na picha ya duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Ofa ya 150,000 inaudhi, lakini haimwondolei mtu haki hiyo. Jibu lake ni fupi, na watu wa Tanga wanalijua: "Ahsante dada, hapo bado hujafika." Ukimaliza, endelea na mteja mwingine.

Tunakuomba wewe Mhariri, kwa kuwa gazeti lako nalo hupokea matangazo madogo ya wasomaji, muongeze nafasi mbili kwenye fomu yake: mtaa kitu kilipo, na nani analipa usafiri. Kundini kwetu tangazo lisilo na mambo hayo hatuliidhinishi tena, na wenye makundi mengine ya Muheza na Korogwe wakitaka nakala ya fomu yetu tutawapa bure.

Wasimamizi wa kundi la kuuziana vitu,
Ngamiani, Tanga